Wewe umevuka mpaka, cheti chako kimebaki Busia

KUVUKA mpaka wa Busia siku hizi ni rahisi kuliko kuvuka Thika Road pasipo daraja. Tangu Januari 2014, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Unaonyesha kadi yako, unaingia upande wa pili, unanunua rolex ya chapati na mayai, na tayari wewe ni mgeni wa Uganda.

Shida huanza siku unapochoka kuwa mgeni na kutaka kuwa mfanyakazi.

Tuseme wewe ni muuguzi. Una diploma, leseni yako haijaisha muda, na umekesha wadini miaka mitatu. Unapeleka makaratasi katika hospitali moja ya kibinafsi upande ule. Wanayaangalia, wanayasifu, kisha wanakuuliza swali moja: umesajiliwa na baraza la wauguzi la huku? Hujasajiliwa. Basi kwa sheria ya hapo wewe bado si muuguzi. Wewe ni mtu aliye na karatasi nzuri.

Cheti ni kama shilingi ya Kenya. Ni pesa halali kabisa, haina noma, lakini ukifika Kampala lazima upitie kwa wa kubadilisha pesa, na yeye ndiye anaamua utapata ngapi. Na kwa upande wa vyeti, foleni ya huyo wa kubadilisha ni ndefu, fom ni nyingi, na kuna vyeti ambavyo hana hata bei yake ukutani.

Hii stori inatuhusu sisi wa umri huu kuliko mtu yeyote. Kila ploti ina msee anayepanga kutoka. Mmoja anasoma Kijerumani usiku, mwingine ameambiwa Kigali kuna kazi ya hoteli, mwingine ni fundi umeme na amesikia Juba wanalipa vizuri. Wote wameuliza bei ya tiketi. Wachache wameuliza kama kazi yao itatambuliwa wakifika.

Ahadi ya 2010

Kwenye karatasi, Afrika Mashariki ilimaliza hii shida zamani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kazi Julai 1, 2010. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambue vyeti vya masomo na vya kitaaluma vilivyotolewa na jirani. Ukisoma hapo ukaachia hapo, ungefunga begi leo.

Lakini kifungu hicho hakijitekelezi chenyewe. Kila taaluma ilibidi iketi chini na wenzake wa nchi nyingine na kuandikiana mkataba wake. Wahasibu walifanya hivyo mwaka wa 2011, na wasanifu majengo mwaka huo huo. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania wakafuata 2012. Madaktari wa mifugo wakaja 2016. Taaluma nne katika miaka sita ya kwanza. Wakati huo wote, watoto wa shule waliokuwa darasa la pili siku itifaki ilipoanza walikuwa wamefika darasa la nane.

Madaktari wa binadamu walichukua njia yao. Mabaraza ya madaktari ya nchi hizi hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, ili chuo kilichopita ukaguzi kikubalike kwa jirani pia. Hiyo ni akili nzuri: badala ya kushuku kila kijana anayekuja na cheti, unaenda kuangalia jiko alikopikwa.

Hata kwa waliopata mikataba, mambo si mteremko. Chukua wahandisi. Mkataba wao unamfaa mhandisi ambaye tayari amesajiliwa nyumbani kama mtaalamu kamili. Kenya, ili ufike hapo, unatoka chuo na digrii, unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya wakubwa kwa angalau miaka mitatu ndipo unaomba usajili kamili. Yaani kijana aliyemaliza chuo jana na bado anatafuta mtu wa kumsimamia hafaidi lolote. Na aliyefaulu pia atahitaji kujiandikisha na bodi ya nchi anayoenda. Mkataba unafupisha foleni. Hauiondoi.

Sasa jiulize ni kina nani hasa wanavuka mipaka yetu kutafuta kazi. Ni wauguzi. Ni walimu. Ni wapishi na wahudumu wa hoteli. Ni kinyozi, fundi wa simu, fundi bomba, dada wa saluni. Hao ndio wengi, na majina yao hayamo katika ile mikataba minne.

Mbona makaratasi hayaelewani?

Kuna sababu za kweli, zisizo za roho mbaya.

Ya kwanza ni ngazi. Kenya ilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa kufuzu mwaka wa 2014, ikaunda mamlaka ya KNQA, na sasa vyeti vyetu vyote vinapangwa katika ngazi 10, kutoka chini kabisa hadi uzamifu. Mfumo wa elimu ya juu wa Afrika Mashariki uliopitishwa 2015 una ngazi 8. Kwa hivyo ukisema una cheti cha ngazi ya sita, mtu wa upande wa pili anaweza kufikiria kitu tofauti kabisa. Ni kama kuambiana mko orofa ya tatu, huku mmoja anaanza kuhesabu chini na mwingine anaanza juu.

Ya pili ni njia tuliyopitia. Kenya iliingia 8-4-4 mwaka wa 1985, na kidato cha tano na sita vikafa. Uganda na Tanzania wakabaki navyo. Miaka yote hiyo, Mkenya ametoka KCSE moja kwa moja hadi chuo kikuu, wakati mwenzake wa Mbarara au Mwanza amesota miaka miwili zaidi shuleni. Sasa nani amesoma zaidi? Ukiuliza Mkenya, digrii yake ya miaka minne inafidia. Ukiuliza Mganda, anakukumbusha hiyo miaka miwili. Na kabla hatujamaliza ubishi huo, Kenya imebadilisha mfumo tena, watoto wako 2-6-3-3-3.

Wanaoumia na ubishi huu unawajua. Kuna Wakenya waliopata alama za chini KCSE, wakaingia diploma, wakapanda polepole, wengine wakavuka kwenda kusomea sheria Uganda. Wakarudi na digrii halali. Walipobisha mlango wa Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, wakarudishwa kwenye KCSE: una C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili? Digrii mkononi, lakini wanaulizwa alama za miaka kumi iliyopita. Kesi za aina hii zimezunguka mahakamani miaka mingi, zikafika hadi Mahakama ya Rufaa. Fikiria kukaa hapo ukingoja majaji waamue kama ulisoma au hukusoma.

Ya tatu ni kwamba kuna kazi zilizopo kwetu ambazo kwingine hazipo. Afisa wa kliniki ndiye anayeshikilia zahanati nyingi za mashinani hapa Kenya. Anapima, anatibu, anaandika dawa. Tanzania na Uganda wanamjua. Lakini mpeleke Uingereza na diploma hiyo uone. Hakuna kiti kilichoandikwa jina lake. Kumwambia aanze upya ni kutupa miaka ya kazi, na kumpa nafasi ya chini ni kumpoteza vilevile.

Wakati mwingine ni siasa tu

Tusidanganyane, kuna siku karatasi zote huwa sawa na bado mlango unafungwa.

Kumbuka mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioisha Machi 2017. Baada yake, serikali ya Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania, na Rais John Magufuli akakubali. Madaktari wa Kenya wakaenda kortini: mbona tunaletewa watu na sisi wenyewe tuko mtaani bila kazi? Mahakama ikasimamisha mpango huo. Aprili, Magufuli akaamuru madaktari 258 waliokuwa wameomba kuja Kenya waajiriwe huko huko kwao. Hakuna aliyesema hawajui kutibu. Swali lilikuwa kazi ni ya nani.

Ubao uligeuka Julai 2025. Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo za aina 15, zikiwemo kutengeneza simu, huduma za pesa kwa simu, saluni na kuongoza watalii. Kenya ililalamika kwamba hilo linakiuka soko la pamoja. Kwa fundi wa simu Mkenya aliyekuwa na meza yake Arusha, cheti kizuri kuliko vyote hakingemsaidia siku hiyo.

Na kwa haki, hofu ya wenyeji si upuzi. Kijana wa Dodoma asiye na kazi ana haki ya kuuliza, kama wa Kitale. Lakini kufunga mlango kwa siri kupitia makaratasi, eti cheti hakieleweki, ni mbaya zaidi kuliko kusema wazi nafasi ni chache. Ukiambiwa wazi utapanga maisha. Ukizungushwa utamaliza nauli.

Majuu nako?

Wengi wetu hatuwazii Kampala. Tunawazia majuu. Huko sheria ziko wazi zaidi, ila hazina huruma.

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Mtaani watu wakaanza kuaga. Miezi michache baadaye, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akasema wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza na waliopita walikuwa 10. Watu wakacheka mitandaoni, lakini si ya kuchekwa. Hao ni watu waliosoma uuguzi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Walipigwa na mtihani wenye mtindo wake, saa zake na mitego yake, ambao hakuna chuo kilichowaandalia. Na ukipita huo, bado baraza la wauguzi la Uingereza linakupa mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo ukishafika kule.

Ghuba pia wana mlango wao. Muuguzi anayeenda Dubai au Riyadh, chuo chake kitaandikiwa kuulizwa kama kweli kilimpa hicho cheti, kisha kuna mtihani wa leseni. Kama ofisi ya chuo chako huchukua miezi kujibu barua, ndoto yako inakaa kwenye meza ya karani.

Ujerumani ndiyo gumzo la sasa. Septemba 13, 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia makubaliano ya wafanyakazi yakitiwa saini Berlin. Idadi ya kazi 250,000 ikaenea kama moto wa nyasi, hadi wizara ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha. Waliokuwa wametangulia ni kikundi kidogo cha majaribio: madereva watano wa basi katika mji wa Flensburg. Na ujue leseni ya Kenya haigeuzwi tu kuwa ya Kijerumani. Unarudi darasani, unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Hata kama umepigana na matatu za Rongai miaka kumi.

Ila Wajerumani wana kitu kimoja cha kuigwa. Wameandika kila kitu. Kuna hazina yao ya mtandaoni inayoitwa anabin, ambapo unaweza kutafuta chuo chako na kuona wamekipa alama gani. Kikiwa H+, kinatambuliwa. Kama ni muuguzi na masomo yako yamepungua mahali, hawakufukuzi: wanakuandikia kilichopungua, kisha unachagua kusoma nyongeza au kufanya mtihani. Na kwa watu wa kompyuta, tangu mwishoni mwa 2023 hata asiye na digrii anaweza kuomba kadi ya bluu akiwa na uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita na mshahara unaofika kiwango chao. Hapo ujuzi wenyewe umehesabiwa.

Nyumbani je?

Sasa tujiangalie. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba katika kukagua maafisa 28,000 hivi wa taasisi za umma, zaidi ya 2,000 walipatikana na vyeti ghushi. Ukiwa mwajiri wa Kigali au Munich na umesoma hiyo habari, bahasha ya Mkenya utaifungua kwa macho gani? Kila anayenunua cheti River Road anamfungia mlango msee wa haki aliyekesha akisoma.

Tena kuna vyeti vya kweli ambavyo hata hapa nyumbani havijatambuliwa. Wanafunzi wa uhandisi wa vyuo kadhaa walishawahi kuandamana baada ya kugundua kwamba bodi ya wahandisi haijaidhinisha kozi zao. Kama bodi yako mwenyewe haikujui, Uganda itakujuaje?

Halafu kuna wale wasio na cheti kabisa, ambao ndio Kenya yenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako jua kali. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kamukunji anaweza kukutengenezea geti lenye maua na simba, lakini mbele ya sheria hana kitu. Mpakani, yeye ni kibarua.

Kwake kuna njia mbili na wengi hawazijui. Moja ni mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inayokwenda kwa gredi ya tatu, ya pili, hadi ya kwanza. Unafanya kazi mbele ya mkaguzi, unapewa cheti cha serikali. Hawakuulizi ulikaa darasa gani. Ya pili ni utambuzi wa ujuzi wa awali, ambapo unaleta ushahidi wa kazi ulizofanya, unapimwa, na ujuzi wako unapewa ngazi katika mfumo wa KNQA.

Mimi mwenyewe ni wa kundi lililotoka chuo kabla ya gauni, kwa hivyo naongea nikijua baridi ya huko nje. Watu wanadhani ukiacha chuo umefuta kila kitu. Omba nakala rasmi ya masomo uliyopita, hata kama ni ya muhula mmoja. Mfumo wetu wa kitaifa unakubali masomo kuhamishwa kutoka chuo kimoja hadi kingine. Karatasi hiyo inaweza kukuokolea mwaka mzima siku ukirudi.

Kabla ya kumlipa ajenti

Kama unapanga kutoka, kaa rada na haya.

Kwanza, jua kama kazi yako ina bodi kule unakoenda. Uuguzi, udaktari, ualimu, sheria na uhandisi kwa kawaida zina bodi, na bila jina lako kwenye rejista yao hakuna kazi halali. Kupika, kubuni tovuti, kupiga picha au kuuza mtandaoni aghalabu hazina, na hapo mwajiri mwenyewe ndiye huamua. Uliza bodi moja kwa moja. Ajenti ana haraka ya pesa zako.

Pili, hakikisha nyumbani kuko sawa. Leseni iwe hai. Uwe na barua ya bodi yako inayosema huna kesi ya nidhamu. Majina kwenye kitambulisho, KCSE na diploma yafanane. Mtu anaweza kukwama miezi sita kwa sababu shuleni alikuwa Njoroge na kwenye pasipoti ni Njorogi.

Tatu, tuma maombi ya kutambuliwa kabla ya kuacha kazi, kabla ya kuuza pikipiki, kabla ya mama kuitisha harambee. Jibu likija, ndipo uage.

Nne, kagua ajenti kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akikuambia cheti si tatizo, tutapanga mbele, huyo anakuuzia stori za jaba.

Tano, ukirudi na cheti cha nje, kipeleke kikatambuliwe mapema. Digrii za nje hupitia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Usingoje hadi wiki ya intavyu.

Na wanaotuongoza nao wana kazi yao. Jumuiya sasa ina nchi nane, tangu Kongo ilipoingia 2022 na Somalia 2024. Mbwembwe za mikutano ya Arusha zitakuwa na maana siku muuguzi, mwalimu na fundi bomba watakapopata mkataba kama ule wa mhasibu. Waanze na kitu kidogo: kila bodi iandike wazi mtandaoni inatambua nini, haitambui nini, ada ni ngapi na jibu linachukua siku ngapi. Hilo halihitaji kikao cha marais. Linahitaji karani mmoja, kompyuta, na mtu wa kumuuliza kila Ijumaa amefika wapi.

Kabla hilo halijafanyika, fanya hesabu yako mwenyewe. Wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya basi, iandikie bodi ya kule unakotaka kwenda barua pepe moja. Uwaambie una cheti gani na umefanya kazi miaka mingapi, uwaulize watakuita nani ukifika. Wakikujibu, utajua unaenda kuwa muuguzi au kutafuta kibarua.